Baiti moja iliyogeuka E0: uchambuzi wa kisa cha kumbukumbu ya utambulisho ya probu

Probu ya 10:1 (kebo ya kupimia inayogawa volti kwa kumi) yenye amplifaya ndani yake inachomekwa kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora ishara za umeme kwenye kioo, ambayo imefanya nayo kazi miaka mingi. Kioo kinaandika kwamba probu haitambuliki, na chaneli haionyeshi ishara yoyote. Probu nyingine ya modeli ileile, kwenye chaneli hiyohiyo, inatambulika papo hapo. Jana yake probu iliyokataliwa ilikuwa nzima. Kilichopita katikati ni jaribio la kusoma kumbukumbu yake kwa bodi ndogo ya kuprogramu ya Arduino Uno, na jaribio hilo lilitoa FF mwanzo hadi mwisho (baiti hapa zimeandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16, ambapo FF ni 255), kana kwamba chipu haijawahi kuandikwa chochote.

Anayesoma matokeo hayo kwa haraka atasema chipu imekufa, au ilikuwa tupu tangu mwanzo. Yote mawili si kweli. Chipu ilikuwa hai, ilikuwa imejaa data, na programu iliyodhaniwa kuwa inasoma ndiyo iliyokuwa ikiandika.

Kwa nini osiloskopu ikatae kabisa

Probu nyepesi zisizo na amplifaya hujitambulisha kwa njia rahisi: pini moja pembeni ya kiunganishi cha BNC, kile cha duara cha kuchomekea probu, hupeleka rezista hadi kwenye graundi, na osiloskopu hupima thamani yake. Kwa probu za 10:1 za Tektronix rezista hiyo ni ya takriban kilo-omu 11. Osiloskopu ikiiona, inazidisha vipimo kwa kumi na kazi inaishia hapo.

Probu yenye amplifaya inahitaji zaidi ya hapo. Inataka umeme chanya na hasi, mstari wa kusogeza sifuri, na pia ina tabia zake binafsi ambazo kiwanda kilizipima: uwiano wake halisi, ambao kamwe si 10 kamili, na sifuri yake ilivyohama. Hayo huandikwa kwenye chipu ndogo ya EEPROM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) ndani ya kisanduku cha kiunganishi, na osiloskopu huyasoma kwa nyaya mbili, moja ya data na moja ya mapigo ya saa. Viunganishi kama TekProbe Level 2 wa Tektronix na ProBus wa LeCroy vimejengwa kwa wazo hilo. Kwa hiyo kumbukumbu hii ni zaidi ya lebo ya jina. Ni cheti cha kalibresheni cha probu ile moja, na ndiyo maana kuinakili ovyo kutoka probu nyingine ni kosa, jambo tutakalolirudia kwa namba.

Katika kisa hiki volti 5 za chipu ya kumbukumbu zipo wakati wote, ila umeme wa amplifaya hauwashwi mpaka utambulisho ukubalike. Hilo linaeleza kimya cha chaneli: amplifaya haikuharibika, imenyimwa umeme tu.

Kusikiliza kabla ya kugusa

Hatua ya kwanza sahihi ni kuacha osiloskopu isome yenyewe huku wewe ukisikiliza. Kisanduku cha probu kinafunguliwa, klipu ya SOIC-8, ya chipu yenye miguu minane, inabanwa juu ya chipu, na kichambuzi cha mantiki, kifaa kinachorekodi mapigo ya nyaya za kidijitali, kinaunganishwa kwenye pini 5, ambayo ni data, pini 6, ambayo ni saa, na pini 4, ambayo ni graundi. Ncha ya probu isiguse saketi yoyote, kwa sababu graundi ya kichambuzi inapitia kompyuta hadi kwenye ardhi ya jengo. Mawasiliano haya yanaenda kwa kilohezi 100, hivyo sampuli milioni 4 kwa sekunde zinatosha na kubaki. Programu ya PulseView, ambayo ni ya bure, ina kifasiri cha I2C, ambayo ndiyo lugha ya nyaya hizo mbili, pamoja na cha chipu za familia ya 24, yaani EEPROM zenye majina yanayoanza na 24.

Probu nzima ilitoa mlolongo huu: osiloskopu inatuma A0, inatuma 00, inaanza upya kwa A1, kisha inasoma baiti 32. Hapohapo inatuma A0 tena, safari hii na 20, na kusoma baiti nyingine 32. Baada ya hapo umeme wa amplifaya unawashwa. A0 na A1 ni anwani 0x50 iliyosogezwa biti moja kushoto, biti ya mwisho ikisema ni kuandika au kusoma. Programu nyingine huonyesha 50, nyingine A0, na chipu ni ileile.

Probu mbovu ilisomwa baiti 32 za kwanza, ikasomwa tena, ikasomwa mara ya tatu, kisha kimya. Anwani 20 haikuguswa kabisa.

Kabla hata ya kujua maana ya baiti moja, mambo matatu yameshajulikana. Kumbukumbu imegawanywa mafungu ya baiti 32. Fungu la kwanza hukaguliwa peke yake, na kasoro imo humo. Chipu inajibu vizuri kila inapoitwa, kwa hiyo haijafa. Taarifa zote hizi zimepatikana bila kutuma hata pigo moja kwenye chipu, na kwa mtu anayefanya kazi hii mara kwa mara usikilizaji huu unastahili kuwa desturi.

Mafungu ya kwanza ya probu mbili yakiwekwa ubavuni, mengi yanalingana. Mwanzo wa kila moja ulikuwa hivi:

nzima: 03 20 ...
mbovu: E0 20 ...

Baiti ya pili, 20, ni 32 kwa hesabu ya kawaida, yaani urefu wa fungu. Kuanzia 04 hadi 0B kuna herufi nane za modeli katika ASCII (msimbo wa kawaida wa herufi), sawa kwa probu zote mbili. Kuanzia 0C hadi 15 kuna herufi kumi za namba ya utambulisho, na kila moja inafanana na ile iliyochapwa kwenye kibandiko cha probu yake. Nafasi ya 16 hadi 18 ilihitaji kufikiri kidogo. Mbovu ilikuwa na 11 06 14. Ukizisoma kama namba za kawaida za heksadesimali unapata 17, 6, 20, tarehe inayoaminika kabisa ya Juni 2017. Nzima ilikuwa na 11 09 28, na hapo 28 ya heksadesimali ni 40. Hakuna mwezi wenye siku 40. Basi ni tarakimu za desimali zilizofungwa mbilimbili ndani ya baiti: 14 Juni 2011 na 28 Septemba 2011. Probu moja peke yake ingekudanganya. Ndiyo sababu mfano wa pili una thamani kuliko kifaa chochote cha gharama.

Jumla ya ukaguzi

Baiti ya mwisho ya kila fungu ilibadilika kwa namna isiyoendana na maana yoyote, na hiyo ni dalili ya kawaida ya baiti ya ukaguzi, inayowekwa ili data iliyoharibika igundulike. Njia za kujaribu ni chache: kujumlisha baiti zote na kuacha biti nane za chini, kufanya XOR (kulinganisha biti kwa biti), kutumia kijalizo cha jumla, au CRC (ukaguzi unaotokana na kugawanya) ya biti nane kwa polinomiali 07 au 31. Anza na nyepesi.

Kwenye probu nzima, jumla ya baiti zote 32 za fungu la kwanza, baiti ya ukaguzi ikiwemo, ilitoka 00. Fungu la pili pia 00. Uwezekano wa fungu moja kutoa 00 kwa bahati ni 1 kati ya 256; mafungu mawili ni 1 kati ya 65,536. Fungu la pili la probu mbovu lilipokuja kusomwa baadaye, nalo lilitoa 00, na bahati ikawa haina tena nafasi.

Fungu la kwanza la probu mbovu lilitoa DD.

Kama ni baiti moja tu iliyoharibika, jumla hii inatosha kuirudisha ilivyokuwa. Ziada ni DD, kwa hiyo baiti ya E0 ipunguzwe DD: E0 kutoa DD ni 03. Na 03 ndiyo iliyopo mahali hapo kwenye probu nzima. Hesabu na ulinganisho, kila kimoja kwa njia yake, vimefika kwenye namba moja.

E0 ilitoka wapi

Mtu angeweza kuishia hapo, akaandika 03 na kufunga kisanduku. Lakini kisa kisichojulikana chanzo hurudi, na E0 ni namba yenye kueleza mengi ukiitazama kwa subira.

Chipu za familia ya 24 hadi 24C16 hupokea anwani ya ndani ya baiti moja. Kuanzia 24C32 kwenda juu hupokea baiti mbili, ya juu kisha ya chini. Programu iliyotumika iliandikwa kwa chipu kubwa. Ilituma 00, ikatuma baiti ya chini ya anwani, ikamaliza kwa STOP, ishara ya kufunga mawasiliano, ndipo ikaomba data. Kwa 24C02, chipu ya baiti 256 kama hii ya probu, maana ya maneno hayo ni nyingine kabisa: 00 ni anwani, na baiti inayofuata ni data ya kuandikwa hapo. STOP inapofika, uandishi unaanza. Kwenye maktaba ya Wire ya Arduino, amri ya endTransmission isipopewa kitu mabanoni hutuma STOP yenyewe, kwa hiyo mtego umeshategwa hata kama mwandishi wa programu hakukusudia.

Wire ina nafasi ya baiti 32 tu kwa safari moja, hivyo programu nyingi husoma kwa vipande vya 32: anwani 00, 20, 40, 60, 80, A0, C0, E0. Kila moja ya namba hizo iliandikwa kwenye baiti 00, ikifuta iliyotangulia. Ya mwisho ilikuwa E0, na ndiyo iliyobaki.

FF zilizoonekana nazo zina maelezo. Chipu inapojiandikia, hadi milisekunde 5, haijibu wito wowote. Ombi la kusoma lilikuja mara tu baada ya STOP, likakosa jibu, na Wire.read isipokuwa na data hurudisha hasi moja, ambayo ikibanwa kuwa baiti ni FF. Kisha programu ikachapisha mstari wa baiti 32 kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kazi inayochukua karibu milisekunde 100, muda wa kutosha kwa chipu kumaliza kuandika na kuwa tayari kupokea pigo linalofuata. Mshikamano huo ndio uliofanya uharibifu ukamilike mara nane huku kioo kikisema hakuna kitu.

Maelezo haya yalithibitishwa kwenye chipu mpya ya 24C02 juu ya ubao wa majaribio: nakala ya data nzuri iliandikwa humo, programu ileile ikaendeshwa, FF tupu zikaonekana, na baiti ya kwanza ikakutwa E0. Baiti nyingine 255 hazikuguswa.

Probu hii ilikuwa na bahati kwamba urefu uliowekwa ulikuwa baiti 256. Ungekuwa 4096, ambao ni wa 24C32, baiti ya juu ya anwani ingetembea kutoka 00 hadi 0F, na baiti zote 16 za kwanza zingebaki E0. Jumla ya ukaguzi hurudisha baiti moja, si kumi na sita. Hapo ungelazimika kujenga upya fungu la kwanza kwa msaada wa probu ya pili na namba ya kwenye kibandiko. Inawezekana, kwa kuwa fungu la kalibresheni lipo mbali, kwenye 20. Kama mpangilio ungekuwa kinyume, vipimo vya kiwanda vingepotea moja kwa moja.

Kusoma chipu nzima bila madhara

Osiloskopu haikufika fungu la pili la probu mbovu, kwa hiyo sharti lisomwe kwa mkono. Probu inachomolewa. Kwanza pima kwa multimita kati ya pini 7 ya chipu, ambayo ni ya kuzuia uandishi, na graundi. Hapa ilikuwa kilo-omu 10, hivyo waya mfupi kutoka pini 7 hadi pini 8, ambayo ni ya umeme wa volti 5, unazuia uandishi kwa gharama ya nusu miliampea tu. Ukikuta sifuri omu usiweke waya huo, utakuwa umeunganisha volti 5 na graundi; inua mguu wa pini 7 kwanza.

Umeme wa volti 5 unatoka kwenye chanzo cha mezani kilichowekewa kikomo cha miliampea 20. Chipu ikisomwa haitumii zaidi ya miliampea 1, na rezista za kuvutia juu za kilo-omu 4.7 zinaongeza kama 1 kila moja mstari unapokuwa chini. Mita ikionyesha zaidi ya 10, umeme unaingia kwingine, pengine kwenye amplifaya iliyokosa upande wake hasi. Zima na tafuta njia hiyo kabla ya kuendelea.

Arduino Uno ileile inafaa, maana ni ya volti 5. Raspberry Pi haifai hapa bila kibadilisha volti. Pini zake zinavumilia 3.3 tu, na rezista za ndani ya probu zinavuta hadi 5. Programu itume anwani ya baiti moja, na endTransmission ipewe false ili kuwe na mwanzo mpya badala ya STOP. Kumbukumbu isomwe mara tatu na mafaili yalinganishwe baiti kwa baiti. Yakitofautiana, klipu haijakaa vizuri.

Ukipekua anwani zote, usishtuke kukuta majibu kutoka 50 hadi 57. Kwenye 24LC02B ya Microchip pini za A0, A1 na A2 hazijaunganishwa ndani, na chipu hujibu kwa anwani zote nane. Soma kila moja: data ikiwa ileile mara nane, ni chipu ya baiti 256. Ikitofautiana, ni 24C16 yenye baiti 2048.

Fungu la kalibresheni

Baiti nne za kwanza za fungu la pili zilikuwa hivi:

nzima: EE 7C 1F 41
mbovu: 21 B0 20 41

41 mwishoni mwa zote mbili inavutia macho. Namba ya biti 32 ya IEEE 754, kiwango cha kompyuta cha kuandika namba zenye desimali, kwa 10 kamili ni 41 20 00 00. Zikigeuzwa kutoka nyuma kwenda mbele, baiti hizi zinatoa 9.968 kwa probu nzima na 10.043 kwa mbovu. Zikisomwa bila kugeuzwa, moja inatoa namba ndogo kupita kiasi na nyingine namba hasi yenye tarakimu 29, hivyo mpangilio hauna ubishi.

Hata hivyo kufanana na 10 si ushahidi kwamba osiloskopu inaitumia namba hii kuzidishia. Jaribio lake hufanywa kwenye chipu ya nakala, kamwe si kwenye ya asili. Weka 20.0, yaani 00 00 A0 41, badala ya 21 B0 20 41. Jumla ya baiti nne za zamani ni 32 katika biti nane za chini, ya mpya ni E1. Tofauti ni AF, kwa hiyo baiti ya ukaguzi kwenye 3F ipunguzwe AF. Volti 2 za moja kwa moja kwenye ncha zilisomeka karibu 4. Kizidisho ndicho hicho.

Sasa hesabu ya wale wanaonakili kumbukumbu nzima kutoka probu moja hadi nyingine. Osiloskopu itaikubali bila kinyongo, na kila kitu kitaonekana kimepona. Lakini probu yenye uwiano halisi wa 10.043 itazidishiwa 9.968, na volti 2.000 zitasomeka 1.985, upungufu wa asilimia 0.75. Kwenye osiloskopu ya biti 8 yenye migawanyo 8 wima, kipimo cha milivolti 500 kwa mgawanyo kina ngazi 256 ndani ya volti 4, kila ngazi milivolti 15.6. Kosa zima linajificha ndani ya ngazi moja. Halionekani kwa jicho, na linaingia kwenye kila kipimo cha miaka inayofuata. Isitoshe, probu mbili zitakuwa na namba moja ya utambulisho, na rekodi za kalibresheni zitachanganyika.

Marekebisho

Waya wa pini 7 unaondolewa ili pini hiyo irudi kwenye graundi na uandishi uruhusiwe. Inatumwa A0, 00, 03, kisha STOP. Baiti moja, si ukurasa. Anayependa kuandika fungu zima kwa mkupuo ajue kwamba ukurasa wa 24LC02B ni baiti 8, wakati wa M24C02 ya ST ni 16. Ukituma baiti 16 kwenye ukurasa wa 8, nane za mwisho zinazunguka na kufuta nane za kwanza. Subiri milisekunde 5, soma chipu yote upya, linganisha na nakala ya awali. Tofauti iwe moja tu, kwenye 00, na jumla ya fungu iwe 00.

Baada ya kuchomekwa, kichambuzi kikiwa bado kimebanwa, osiloskopu ilisoma fungu la kwanza mara moja, ikaenda 20, ikawasha umeme wa amplifaya. Probu iliachwa dakika 20 ipate joto lake. Ncha ilipogusishwa kwenye graundi yake mstari ulikaa kwenye sifuri, na volti 2.000 zilizothibitishwa kwa multimita ya mezani, zikipimwa kwa wastani wa mikupuo 64, zilirudi ndani ya mpaka uleule na probu nzima. Bila kuchukua wastani kipimo hicho hakina maana, kwa sababu ya ngazi zile za milivolti 15.6.

Klipu iliondolewa na mabaki ya flaksi yakasafishwa kwa pombe ya isopropili. Chipu ya nakala ilirudishiwa kizidisho cha 10.043 na baiti yake ya ukaguzi, ikawekwa ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli wenye namba ya probu juu yake.